Walibebeana Mizigo: Newton na Cowper wa Olney

Somo: Wagalatia 6:1-5



Katika somo letu Mtume Paulo asema mambo mawili ambayo kwa haraka yaonekana kugombana. Mstari wa pili awaagiza Wakristo wa Galatia wasaidiane kuibeba mizigo yao, kwa kuwa hivyo ndivyo sheria ya Kristo inavyotimizwa. Halafu, hata wino haujakauka, katika mstari wa tano awaambia kwamba kila mtu ana furushi lake, nalo atalibeba yeye mwenyewe. Sisi tuliozeeka na chaki mkononi twamjua yule mwanafunzi hodari wa chuo cha ualimu ambaye hapo hunyosha mkono na kuuliza: "Sasa, Mwalimu, tufuate lipi?"

Swali hilo ni zuri, na jibu lake limo katika lugha ya Kiyunani, ambayo Mtume aliiandika. Ametumia maneno mawili tofauti. La kwanza ni uzito unaomwinamisha mtu mpaka magoti yakatetemeka, mzigo uliozidi nguvu za mtu mmoja. La pili ni kile kifurushi cha safari ambacho kila msafiri hutwikwa begani, chake mwenyewe, kisichoweza kubadilishana na cha mwingine. Basi iko mizigo ya kubebewa, na liko furushi lisilobebewa. Mkristo asiyejua kutofautisha viwili hivi hukosa kotekote: humwacha mgonjwa aanguke peke yake njiani, na tena hutafuta mtu wa kumtwika hesabu ya dhambi zake.

Tunapenda kulifafanua jambo hili kwa maisha ya watu wawili waliokaa pamoja katika mji mmoja mdogo wa soko huko Uingereza. Mji wenyewe waitwa Olney, katika jimbo la Buckinghamshire, kando ya mto Great Ouse. Ni mji wa nyumba za mawe, wenye kiwanja cha soko katikati, daraja mtoni, na kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo ambalo mnara wake mrefu uliochongoka waonekana kutoka mbali mashambani. Katika karne ya 18 wengi wa wakazi wake walikuwa maskini. Wanawake, na watoto pia, walishinda wakiinamia mito ya kufumia lesi, wakipitisha vijiti vya uzi huku na huku, kwa ujira mdogo sana. Nguo ile nzuri ilivaliwa na matajiri wa London, na macho yaliyoharibika yalibaki Olney.

Katika mji huo wa watu wa hali ya chini waliishi waandishi ambao Kanisa lawakumbuka hata leo. Wa kwanza ni John Newton, wa pili ni William Cowper.

Newton alizaliwa London mwaka 1725. Mama yake, aliyemfundisha Maandiko, alifariki mtoto hajatimiza miaka 7. Baba yake alikuwa nahodha, na kijana naye akaenda baharini. Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu akatiwa katika manowari ya mfalme, akatoroka, akashikwa, akapigwa viboko mbele ya mabaharia wenzake. Baadaye akaingia katika merikebu za biashara ya utumwa, akafika pwani ya Afrika Magharibi, na huko akawa mtumishi wa mfanyabiashara mmoja Mzungu aliyemtendea vibaya, hata akakosa chakula na nguo. Mwezi Machi 1748, akiwa njiani kurudi kwao, dhoruba kali iliipiga merikebu usiku ikajaa maji. Newton, aliyekuwa na ulimi mchafu wa matusi na kufuru, alimwita Mungu. Siku ile aliikumbuka kila mwaka mpaka kufa kwake.

Baada ya miaka mingi, na baada ya kufanya kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool, alitiwa ukasisi mwaka 1764 akapelekwa Olney. Alikaa huko mpaka mwaka 1780. Hakuwa mhubiri wa kukaa mimbarani tu. Aliingia katika vibanda vya wafuma lesi, akawakusanya watoto na kuwafundisha, akaanzisha mikutano ya maombi siku za kazi. Watu wakazidi kanisani hata ikabidi kujenga roshani ndani yake wapate mahali pa kukaa.

Cowper naye alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1731, mwana wa kasisi, akampoteza mama yake akiwa na umri wa miaka kama 6. Alisomeshwa vizuri, akajifunza sheria. Alikuwa mpole, mcheshi, mwenye haya nyingi. Mwaka 1763 jamaa zake walimtafutia kazi ya ukarani katika Bunge la Malodi, nayo kazi hiyo ilimtaka asimame kwanza na kuulizwa maswali hadharani. Hofu ilimshinda. Akili yake ikavurugika, akajaribu kujiua. Alipelekwa kwa daktari mmoja mcha Mungu katika mji wa St Albans, akatunzwa kwa muda mrefu, na huko ndiko alikoonja faraja ya Injili. Alipotoka, alipokewa na jamaa ya Unwin, mume akiwa kasisi. Kasisi huyo alipokufa kwa kuanguka na farasi mwaka 1767, mjane wake Mary Unwin pamoja na Cowper walihamia Olney, ili wawe karibu na mahubiri ya Newton.

Tazameni sasa jinsi Mungu anavyowakutanisha watu. Mmoja alikuwa baharia mwenye kifua kipana na sauti ya kuamuru, na mwingine alikuwa mtu aliyetetemeka akiitwa mbele za watu. Nyumba zao zilikaribiana, na kati ya bustani zao palikuwa na shamba la miti ya matunda la mtu mwingine. Walikubaliana na mwenyewe wakawa wanamlipa gini moja kwa mwaka, fedha ya Kiingereza ya siku zile, ili wapate ruhusa ya kukatiza hapo kwenda kuonana. Urafiki wao ulikuwa na njia yake ya miguu, na njia hiyo ililipiwa.

Walitembea pamoja kwenda kuwaona wagonjwa. Walikaa pamoja katika mikutano ya maombi. Newton alimwona rafiki yake ana kipawa cha ushairi, akamshauri waandike pamoja nyimbo za kuimbwa na waumini wa pale, watu wa kusoma kidogo, kwa maneno mepesi yanayofuata mahubiri. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapwa mwaka 1779, nacho kina nyimbo 348. Zaidi ya 60 ni za Cowper, nyingine zote ni za Newton. Ule wimbo unaoitwa kwa Kiingereza Amazing Grace, unaoimbwa leo duniani kote, Newton aliuandika kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya tarehe 1 Januari 1773, kufuatana na somo la 1 Mambo ya Nyakati 17:16-17, pale mfalme Daudi anapokaa mbele za Bwana na kushangaa jinsi alivyofikishwa mbali. Haukuandikwa kwa ajili ya kumbi kubwa. Uliandikwa kwa ajili ya wafuma lesi wa Olney, ili wapate kulishika somo la siku ile.

Lakini, wapendwa, mwezi ule ule wa Januari 1773 mzigo ulimwangukia Cowper.

Ugonjwa wake wa kwanza ulirudi. Mwezi uliofuata aliota ndoto ya kutisha, akasikia ndani yake neno la kumwambia kwamba Mungu amekwisha kumtupa. Tangu hapo aliamini kwamba wokovu ni wa watu wote ila yeye. Aliacha kwenda kanisani. Aliacha kuomba, kwa kuwa aliona maombi ya mtu aliyekataliwa hayana maana. Alijaribu tena kujiua. Mtu aliyeandika nyimbo za kuwatuliza wenzake juu ya njia za Mungu zisizofahamika, yeye mwenyewe hakuweza tena kuziimba. Na kwa miaka 27 iliyobaki ya maisha yake, ingawa zilikuwapo siku nyingi za nafuu na hata za kicheko, dhana ile haikumwacha kabisa.

Newton alifanya nini? Alimchukua nyumbani kwake. Cowper aliingia katika nyumba ya kasisi akakaa humo zaidi ya mwaka mzima, na Mary Unwin pamoja naye akimwuguza. Fikirini nyumba hiyo: mke wa kasisi na shughuli zake, wageni waendao na kurudi, na ndani mgonjwa asiyetaka kusali, katika nyumba ya sala. Newton hakumfukuza kwa kuwa ameaibisha mahubiri yake. Hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Kila Jumapili alipanda mimbarani kuhubiri neema, na kila Jumapili rafiki yake mkubwa hakuwamo. Alihubiri, akarudi nyumbani, akaketi naye.

Hapa ndipo tunapoliona neno la Mtume katika mstari wa pili. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayetazama, mzigo wa jirani ni mwepesi. Ugonjwa wa huzuni hasa hauna jeraha la kuonyesha, hauna bendeji, basi watu hupita wakisema, "Ajikaze tu." Au wasema jambo baya zaidi: "Ana dhambi ya siri," "amelogwa," "Roho amemwondoka." Mzigo wa Cowper haukuwa adhabu ya dhambi fulani. Ulikuwa ugonjwa, kama homa ilivyo ugonjwa, wala bidii ya maombi yake haikutosha kuuondoa, kwa sababu mahali penyewe pa kuombea ndipo palipoumia.

Kumbukeni yule mtu aliyepooza katika sura ya pili ya Injili ya Marko. Watu wanne walimchukua, wakatoboa dari, wakamteremsha. Mwinjilisti aeleza kwamba Bwana Yesu aliitazama imani yao, wale waliobeba. Imani ya mgonjwa mwenyewe haikutajwa. Yawezekana alikuwa nayo, yawezekana hakuwa na nguvu hata ya kuitafuta. Wanne walikuwa nayo kwa ajili yake. Hiyo ni kazi ya Kanisa: kuna siku ndugu yetu hawezi kuikiri Imani, nasi twaikiri tukiwa tumemshika mkono.

Angalieni pia kwamba waliombeba Cowper hawakutumia maombi peke yake. Walimpa kazi. Mwaka 1774, alipoanza kupata nafuu, majirani walimletea sungura wadogo, naye akawafuga watatu akawapa majina: Puss, Tiney na Bess. Aliwatengenezea vibanda kwa mikono yake, maana alijifunza useremala. Alilima bustani. Miaka kumi baadaye aliandika habari za sungura wale katika gazeti moja la London, kwa furaha kama ya mzazi. Rafiki yake mwingine, Lady Austen, alipomwona amezama katika huzuni mwaka 1782, alimsimulia kisa cha kuchekesha cha mwuza nguo aliyeshindwa kumtawala farasi; kesho yake Cowper akaanza kukigeuza kuwa shairi la John Gilpin, likaichekesha nchi nzima. Huyo huyo ndiye aliyemhimiza aandike juu ya kiti cha kupumzikia, sofa, na kutokana na mzaha huo likatoka shairi lake kubwa, The Task, mwaka 1785. Yumkini sisi twadhani kumtembelea mgonjwa ni kusoma Zaburi na kuondoka. Olney yatufundisha kwamba sungura, jembe, misumari na hadithi ya kuchekesha vyaweza pia kuwa mikono ya Mungu.

Na Mary Unwin tusimsahau, kwa kuwa hakuandika kitabu. Alimtunza Cowper kwa miaka karibu 30. Mwishoni yeye mwenyewe alipigwa na kiharusi, mkono ukalegea, ulimi ukawa mzito, na sasa Cowper, mgonjwa yule yule, ndiye aliyemwongoza kwa mkono bustanini. Mchukuzi akawa mwenye kuchukuliwa. Alifariki mwaka 1796, na Cowper akamfuata mwaka 1800.

Sasa tugeuke kwenye furushi, lile la mstari wa tano.

Twapenda kuisimulia habari ya Newton hivi: alikuwa mwovu, dhoruba ikapiga, akaokoka, akaacha biashara ya watumwa, akaandika wimbo. Ni habari tamu ya kusimulia, lakini haikwenda hivyo. Baada ya dhoruba ya 1748 Newton alirudi baharini, na kati ya 1750 na 1754 aliongoza safari tatu za merikebu za watumwa akiwa nahodha. Aliwasomea mabaharia sala juu ya sitaha, na chini ya sitaha hiyo walilala Waafrika katika pingu. Aliandika katika daftari lake habari za roho yake, na katika daftari la merikebu habari za bei ya watu. Alipoiacha kazi ile mwaka 1754, aliiacha kwa sababu ya ugonjwa wa ghafula, na dhamiri yake haikuwa bado imeamka juu ya jambo hilo. Aliandika Amazing Grace akiwa hajasema hadharani neno la kuwatetea wale aliowauza.

Alikaa kimya mpaka mwaka 1788. Hesabuni: tangu alipotoka baharini ni miaka 34. Ndipo akachapa kijitabu chake juu ya biashara ya utumwa ya Afrika. Akakiri wazi kwamba yeye alishiriki. Akaeleza jinsi watu walivyopangwa chini ya sitaha wamebanana hata hawawezi kugeuka, jinsi wengi walivyokufa, jinsi wanawake walivyotendewa. Akakubali kwamba ungamo lake limechelewa. Baadaye alitoa ushahidi mbele ya Bunge la Uingereza. Mbunge William Wilberforce, ambaye mwaka 1785 alimjia kwa siri kumwomba shauri, naye akamshauri asiiache siasa, aliendelea kupigana bungeni kwa miaka karibu 20. Sheria ya kuikataza biashara hiyo kwa Waingereza ilipita mwezi Machi 1807. Newton, mzee kipofu, alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huo huo.

Wapendwa, neema aliyoiimba Newton ilikuwa ya kweli. Hatuna haja ya kuitilia shaka. Lakini neema haikumbebea furushi lake. Mungu alimsamehe, na bado alikuwapo shahidi mmoja ambaye Bunge lilihitaji kumsikia, mtu aliyekuwa nahodha, aliyejua minyororo ina uzito gani. Ushahidi ule Cowper hakuweza kuutoa badala yake, wala Wilberforce. Na wale walioteswa walikuwa na majina, na mama zao, na vijiji vilivyowangoja. Miaka ile 34 haikuwa mirefu kwa Newton peke yake. Ilikuwa mirefu zaidi kwao. Kila mwaka wa kimya, merikebu nyingine zilipakia.

Na hapa kuna jambo linalotutia kicho. Cowper, yule aliyedhani ametupwa na Mungu, aliishutumu biashara ya utumwa katika mashairi aliyoyachapa mwaka 1782, na tena katika The Task mwaka 1785, kabla ya kijitabu cha Newton. Mwaka 1788 wapinzani wa utumwa walipomwomba awasaidie, alitunga mashairi mengine, moja likisema kwa sauti ya mtumwa mwenyewe, nalo likaenea sana. Mtu mwenye uhakika wa wokovu alikawia kunena. Mtu asiye na uhakika alitangulia. Basi tusiyapime macho ya mtu kwa furaha ya uso wake. Labda aliyejeruhiwa huwaona waliojeruhiwa upesi zaidi.

Yuko mwandishi wa tatu wa Olney, ambaye kwake habari hii yafika mpaka kwetu. Thomas Scott alikuwa kasisi wa mitaa ya jirani, mtu wa elimu, aliyeyadharau mafundisho ya Newton. Siku moja alisikia kwamba katika mtaa wake mwenyewe mume na mke walikuwa wanakufa, na Newton alikuwa ametoka Olney kwenda kuwaangalia mara kadhaa, ambapo yeye Scott, mchungaji wao, alikuwa hajafika. Aliona haya. Hoja za Newton zilikuwa hazijamshinda, lakini miguu ya Newton ilimshinda. Alianza kuyachunguza Maandiko upya, na mwaka 1779 akaandika kitabu kueleza jinsi alivyogeuka. Cowper ndiye aliyemsaidia kukisahihisha lugha. Mwaka 1781 Scott alihamia Olney, akahudumu katika kanisa lile lile alilohudumu Newton, na baadaye akaandika ufafanuzi wa Biblia nzima uliosomwa na watu wengi.

Mwaka 1799, chama cha kupeleka wamisionari cha CMS kilipoanzishwa London, katibu wake wa kwanza alikuwa Thomas Scott huyo. Chama hicho ndicho kilichomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na ndicho kilichoanzisha Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Huko Unguja wamisionari wa chama kingine cha Kianglikana, UMCA, waliweka jiwe la msingi la kanisa kuu siku ya Krismasi mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa la Mkunazini. Soko hilo lilifungwa mwezi Juni mwaka huo huo, miaka 100 kamili tangu mwaka ule wa Amazing Grace. Nasi tulio wa pwani na bara yake twajua kwamba minyororo haikuwa ya Afrika Magharibi tu. Wauzaji walikuwa wa mataifa mengi, na wengine walikuwa wa kwetu. Hilo nalo ni furushi, tusimtwike mwingine.

Sasa tuyalete haya nyumbani.

Kwanza, yuko ndugu katika mtaa wetu ambaye siku hizi haonekani kanisani. Labda alikuwa mwimbaji wa kwaya, au mzee wa kanisa aliyesoma masomo kwa sauti ya kupendeza. Watu wasema amepoa. Kabla ya kusema hivyo, nendeni mkabishe hodi. Mkimkuta amekaa gizani mchana, asiyekula, asiyelala, anayesema maisha hayana faida, msimhubirie juu ya imani haba. Kaeni naye. Mpelekeni hospitali, maana dawa ni zawadi ya Mungu kama mkate ulivyo. Msimwache peke yake akitaja kifo. Mpeni kazi ndogo anayoiweza, kuku wa kulisha, kitalu cha mchicha cha kumwagilia. Na Jumapili mnapoikiri Imani, ikirini kwa ajili yake pia, mpaka atakapoweza. Na kama siku hiyo itachelewa, kama ilivyochelewa kwa Cowper katika ulimwengu huu, endeleeni kubeba. Hatukuahidiwa kwamba mzigo utakuwa mfupi.

Pili, kila mmoja wetu na alifungue furushi lake. Wengi tumeokoka zamani, na tarehe yake twaijua, kama Newton alivyoijua ya dhoruba yake. Je, shamba la marehemu ndugu yetu, ambalo mjane wake alinyimwa, limerudishwa? Yule binti wa kazi aliyekaa nyumbani miaka mitatu akaondoka na mfuko wa nailoni bila mshahara kamili, amelipwa? Mtoto aliyezaliwa nje, anayejulikana mtaa mzima ila mezani petu, ameitwa kwa jina? Zakayo katika Luka 19 hakumwachia Bwana hesabu zake azifute. Alisimama akazitaja mwenyewe, kwa kima chake, mbele ya watu. Msamaha wa Mungu ndio unaotupa ujasiri wa kulifungua furushi, wala haukutolewa ili lizidi kufungwa kamba. Na tusingoje miaka 34, kwa maana upande wa pili yuko mtu anayengoja.

Maneno mawili ya Mtume, basi, hayagombani. Aliyelikubali furushi lake mabega yake yapo tayari kwa mzigo wa mwenzake, kwa kuwa hana tena la kuficha. Na aliyekubali kubebwa siku ya udhaifu wake, kama Cowper, huenda ndiye atakayetuamsha sisi wenye nguvu tuliolala.

Tuombe.

Ee Bwana Mwenyezi, uliyewakusanya katika mji mmoja baharia mwenye hatia na mshairi mwenye huzuni, ukawafanya ndugu: utupe mabega ya kuwabeba waliolemewa, na moyo mnyofu wa kuyafungua mafurushi yetu mbele yako na mbele ya wale tuliowakosea. Uwakumbuke wote wasioweza kuomba usiku wa leo, ukayahesabu maombi yetu kuwa yao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyeubeba msalaba wake kwa ajili yetu sote. Amina.